Barafu Ndani ya Paipu ya Soda

Mimi si mtu wa kushangazwa na kitu. Masomo yangu yaliishia darasa la pili, kwa hiyo hakuna kitabu kilichowahi kunidanganya, na macho yangu yalikuwa yameona mengi. Lakini asubuhi ile ya Julai, nilipofungua paipu ya gesi na kutoa barafu iliyochemka kiganjani mwangu kama soda, nilishangaa kidogo. Kidogo tu.

Ilikuwa miaka ya Hali ya Hatari, mjini Meru. Mzee mmoja Mwislamu wa Majengo alikuwa na bucha, na nyuma ya bucha mashine ya soda. Fundi wake nilikuwa mimi, mtoto wa mchunga mbuzi wa Ruiri, kipande, kile kitambulisho cha serikali, mfukoni siku zote. Gesi ililetwa na lori kutoka Nairobi katika silinda za chuma, ikipekuliwa na askari njia nzima. Watu wa Kangeta hawatafuni miraa bila soda, na safari hii Idi nayo ilikuwa imebaki siku nne. Mzee aliniahidi mbele ya mkewe kwamba nikitoa kreti thelathini kabla ya Idi, theluthi ya mashine ni yangu.

Sasa geji ya silinda, ile ya kupimia msukumo, ilikuwa juu kabisa, ya mashine sifuri. Paipu katikati imeziba. Gesi ilikuja na unyevu, asubuhi ilikuwa baridi, na mimi kwa haraka nilikuwa nimefungua silinda kwa nguvu. Gesi ikikimbia inapoa. Ikipoa hivyo, inashikana na maji, vinakuwa barafu, hata pale ambapo maji peke yake yasingeganda.

Mkata nyama wetu alileta karai la makaa aliweke chini ya paipu. Nikamzuia. Gesi ilikuwa inasukuma kutoka nyuma. Barafu ikiachia ghafla inatoka mbio.

"Itatoka kama risasi," nilimwambia. "Na risasi siku hizi zinatutosha."

Nilifunga silinda, nikatoa gesi pole pole pande zote mbili, nikakaa. Barafu ikikosa msukumo inakufa yenyewe. Baadaye nilifungua paipu nikatoa kile kipande kilichobaki, kikaishia mkononi kikifoka.

Lakini kesho baridi ingerudi. Dereva wa lori alikuwa amenieleza kwamba mafundi wa Nairobi hutia spiriti kidogo ndani ya paipu, maana spiriti huyashika maji yasiambatane na gesi. Nilichukua chupa ya spiriti safi kwa mwuza dawa, kwa hesabu ya bucha. Kila asubuhi niliimimina kikombe kimoja, nikaacha ipite, kisha nikapuliza paipu mpaka harufu ikaisha ndipo nikawasha mashine. Siku tatu, haikuziba hata mara moja. Kreti thelathini zikapangwa ukutani.

Mzee alifurahi akaleta wazee wenzake wa msikitini waone. Mmoja akauliza mashine yetu imeshindaje baridi hii ya Julai. Mtu mwingine angejibu ni Mungu. Mimi nikasema ni mimi, na ni kikombe cha spiriti kila asubuhi.

Mzee akaniuliza taratibu, "Spiriti gani, kijana wangu?"

"Ile safi. Ni ndugu ya pombe, mzee, lakini kali zaidi."

"Ukaipitisha kwenye soda ya Idi."

"Kwenye paipu. Niliipuliza yote ikatoka. Onja uone."

"Unaniambia mimi nionje."

Hakupaza sauti. Nilimshauri basi tupeleke kreti zote Kangeta, kule hakuna atakayeuliza. Akanitazama kana kwamba haelewi lugha yangu.

"Nisichokunywa mimi, siwauzii watu."

Nilizimwaga mwenyewe kwenye mtaro, chupa moja moja, mgongo umenyooka, wazee wakiangalia. Hakuna aliyenisikia nikiomba msamaha. Paipu ilikuwa kavu, nasema hata leo. Kuhusu Idi yake, hiyo alikuwa na haki ya kuamua yeye, na mimi niliyajua hayo kabla sijafungua mdomo.

Theluthi ikaenda na soda. Kunifukuza hakunifukuza, nani mwingine angeiendesha ile mashine? Nikatafuta njia isiyo na spiriti nikaipata bila mwalimu. Silinda mpya unaigeuza kichwa chini iteme maji kwanza. Paipu unaivika blanketi. Kwenye koki unaweka gunia lililochovywa maji moto, na unafungua kwa vidole viwili, bila haraka. Haikuziba tena. Hata mwenye mashine kule Embu alituma mtu aje ajifunze kwangu.

Mzee naye alinikata mshahara polepole, mwaka mzima, kufidia sukari, gesi na ile chupa ya mwuza dawa: shilingi mia mbili kumi na sita na senti sabini.