Maporomoko Matatu ya Nambis

Maji yakiporomoka ni maporomoko, udongo ukiporomoka nao ni maporomoko. Aliyevipa vitu hivyo jina moja ningemkamata ningemzaba kibao, kisha ningejizaba na mimi.

Mkoa wa Manyara ulikuwa mpya, na mimi, afisa utamaduni pale Mbulu, nilitakiwa kuorodhesha vivutio vya utalii. Ikaja barua ya mwenyekiti wa kijiji kimoja huko Nambis: "Tuna maporomoko matatu. Tunaomba mje myaone haraka."

Haraka! Mvua ilikuwa imenyesha wiki nzima, nikajua maji yanashuka kwa fujo. Nikamwalika mwenye kampuni ya utalii kutoka Arusha, nikamwambia abebe nguo za kuogelea.

Tulikuta kijiji kizima kimekusanyika mlimani na majembe. Nikadhani wametengeneza njia ya wageni. Nikatazama huku na huku, naona udongo mwekundu tu, maji hakuna. Mgeni wangu kasimama na bukta, taulo begani. Damu ikanichemka. Mwenyekiti ni mzee sawa na baba yangu, lakini hata shikamoo sikumpa.

"Maporomoko yako wapi, mzee? Unanidhalilisha mbele ya mgeni!"

Akaonyesha ule udongo. "Si hayo hapo? Mlima umekatika mara tatu."

Mama mmoja akasogea, matope hadi magotini.

"Hilo la katikati limefukia nyumba yangu na mbuzi wote," akaniambia. "Huyu mwenye taulo ndiye mtaalamu mliyetuletea?"