Kiti cha Mesquite

Mwaka 2020, wiki zile za baada ya uchaguzi wa Marekani, tulikuwa tunakula chakula cha mchana kila mtu ndani ya gari lake. Ofisi yetu ya Irving, Texas, ilikuwa imefunguliwa nusunusu, watu wachache na barakoa, na chumba cha kulia kimezibwa kwa utepe wa njano. Mimi na Mkenya mmoja wa idara ya bima tulikuwa tunaegesha ubavu kwa ubavu, tunashusha vioo na kuzungumza kwa kupaza sauti. Uwanja wa ndege uko karibu na pale, lakini mwaka ule ndege zilikuwa za kuhesabu. Ukimya ule ulinielemea kuliko kelele zilivyowahi kuniudhi.

Redio zote zilikuwa zinakisia baraza la mawaziri la Rais mteule. Kila siku lilitajwa jina jipya, na mara nyingi lilikuwa jina la seneta.

"Sasa wanataka kumtoa mtu kwa kiti chake wamfanye waziri," mwenzangu alisema siku moja, kijiko mkononi. "Watu wamepanga laini wakampigia kura, halafu Rais anakuja kumbeba tu hivi?"

"Kwetu Tanzania ndivyo inavyokwenda," nilimjibu. "Waziri lazima awe mbunge."

"Na kwetu tulikataa. Katiba mpya ilisema ukitaka uwaziri, wachana na bunge. Chagua moja."

"Hata hapa anaacha useneta. Hawezi kushika vyote viwili."

"Hapo ndipo shida iko, dadangu! Kiti kikibaki wazi, nani anakaa hapo? Majimbo mengi ni gavana anaweka mtu wake wa muda. Na huyo hakuna mtu alimchagua."

Nilimwambia kwamba mtu hodari hafai kuozeshwa kwenye mijadala. Apewe kazi kubwa inayomfaa. Nilisema kwa ukali kidogo, naye akanitazama kwa mshangao. Hakujua kwamba siku mbili kabla ya hapo mimi mwenyewe nilikuwa nimepigiwa simu.

Tulikuwa na umoja wetu wa wazungumzaji wa Kiswahili wa Dallas na miji inayoizunguka. Wengi wa viongozi walikuwa Watanzania wa maofisini, lakini kila eneo lilichagua mwakilishi wake. Mwaka 2019 watu wa Mesquite, mji ulio mashariki ya Dallas, walinichagua mimi. Wakati huo nilikuwa naishi kule, na wapiga kura wangu karibu wote walikuwa Wakongomani waliopitia kambi za wakimbizi, watu wa maghala na viwanda. Hawakunichagua kwa sababu ya hotuba. Walinichagua kwa sababu niliwasomea barua. Za shule, za mwenye nyumba, za uhamiaji. Nilikwenda nao kliniki nikakaa katikati ya mgonjwa na daktari, nikageuza maneno ya huyu yawe ya yule. Kundi letu la WhatsApp halikutulia. Mtu akipiga picha ya karatasi na kuituma, mimi nilijibu kwa sauti, kwa Kiswahili chepesi, hata kama nilikuwa kwenye foleni ya dukani.

Sasa mwenyekiti mpya, kijana mstaarabu wa Irving, ndiye aliyenipigia, akinitaka niwe katibu mkuu.

"Dada, wewe umepita kiwango cha eneo moja," aliniambia. "Tunaandika katiba mpya, tunataka kuungana na wenzetu wa Houston. Nahitaji mtu wa kuandika na wa kuzungumza."

"Na Mesquite?"

"Kiti kitakaa wazi kidogo tu. Mwezi wa kwanza watachagua mwingine. Ila itabidi utoke kwenye lile kundi lao, katibu asionekane ana upande."

Sitajifanya kwamba nilisita sana. Nilifurahi. Nilikuwa nimechoka na zile picha za karatasi, na nilikuwa na miaka kumi na mmoja Marekani bila mtu yeyote kuniita mkuu wa kitu chochote. Niliandika kundini ujumbe mzuri wa kuaga, wakanijibu kwa pongezi na alama za kupiga makofi, nikabonyeza kutoka.

Kama kuna mtu aliyepaswa kujua, ni mimi. Baba yangu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na mbunge wetu kila alipokuja jimboni alilala nyumbani kwetu, kwenye kitanda changu, mimi nikihamia mkekani. Alikuja na daftari. Alikaa barazani na watu wakamwambia mambo yao mmoja mmoja: zahanati haina mganga, kisima kimekauka. Kisha akateuliwa waziri. Jimbo zima tulicheza ngoma; niliimba mpaka sauti ikakauka. Baada ya hapo alikuwa akipita barabara ya lami na msafara, vioo vimepandishwa. Baba aliendelea kumwandikia barua kuhusu zahanati kwa miaka, kwa mwandiko wake wa ubaoni. Alijibiwa mara moja, na katibu, kwamba suala lake limepokelewa. Baba hakumlaumu. Alisema, "Yule sasa ana nchi nzima," na kwa udogo wangu nilidhani hiyo ni sifa.

Jumamosi ya kabla ya sikukuu ya shukrani ya Wamarekani, mwishoni mwa Novemba, niliendesha gari hadi Stafford, nje kidogo ya Houston, mwendo wa saa nne na zaidi. Tulikutana ukumbini, viti vimeachana, madirisha wazi, kina mama wawili wakipima joto la kila aliyeingia. Tulijadili vifungu kuanzia asubuhi hadi alasiri. Kifungu kilichotuchukua muda mrefu kuliko vyote kilihusu wawakilishi: je, mwenyekiti aruhusiwe kumteua mtu aliyekwisha kuchaguliwa na eneo lake? Mzee mmoja wa Houston alipinga. Alisema mwakilishi si mali ya mwenyekiti. Mimi ndiye niliyesimama kumjibu. Nilizungumza vizuri siku ile. Nilitoa mfano wa maseneta, nikatoa mfano wa nyumbani, wakapiga makofi, na kifungu kikapita kama tulivyokitaka.

Saa zile mimi nikizungumza, Mesquite kulikuwa na mwanamume anakufa.

Nilimfahamu vizuri. Alikuwa mtu wa Uvira, mrefu, mpole, mpakiaji wa ghala moja la vyakula, na mimi ndiye niliyempeleka kufanya mtihani wa leseni ya udereva. Alifeli mara tatu, na ya nne alipopita alinikumbatia mbele ya watu. Mke wake alikuwa anawatunza wazee kwenye nyumba moja ya malezi. Habari ya kifo ilinifikia Jumatatu, kwa simu ya mwenyekiti. Aliniomba niandike tangazo la rambirambi la umoja.

Nilikwenda Mesquite badala ya kuandika. Mjane alinifungulia mlango lakini akarudi nyuma hatua kadhaa, kwa sababu ya ugonjwa, nami nikabaki nimesimama karibu na jokofu. Watoto walikuwa chumbani. Niliwasikia wakiongea Kiingereza kwa sauti za chini.

"Alianza kukohoa tu," alinisimulia. "Tukasema ni grippe, mafua tu. Tulienda kliniki, wakamupatia dawa, wakatupatia na karatasi, wakasema arudie nyumbani. Akarudia. Siku ya ine njo pumzi ikaanza kumukataa."

Karatasi yenyewe ilikuwa imebandikwa kwenye jokofu kwa sumaku, usawa wa macho yangu. Niliisoma nikiwa nimesimama pale. Ilikuwa ya Kiingereza, herufi kubwa, ya wazi kabisa. Ilisema mgonjwa akishindwa kupumua, midomo ikigeuka rangi, akichanganyikiwa au ikawa vigumu kumwamsha, apelekwe hospitali mara moja, aitiwe gari la wagonjwa, asisubiri.

"Midomo yake ilikuwaje?" nilimuuliza, na nikajuta kabla sijamaliza.

"Ilikuwa kama ya mutu wa baridi. Tulimufunika."

Watoto wakubwa walikuwa wanaweza kusoma, lakini baba yao alikataza wasiingie chumbani kwake, na karatasi ilikaa naye siku zile zote. Jokofuni ilibandikwa baada ya mazishi kupangwa, na mtu asiyejua aiweke wapi.

"Mbona hukunipigia?" nilisema. Nilikuwa nimeanza kulia na nilitaka jibu la kunisaidia, kwamba simu ilipotea, kwamba namba ilifutika.

"Namba ninayo, mama. Nilichukua simu mara mbili. Papa wa batoto njo alikataa. Akasema, acha, ule mama sasa ni wa batu bote, haiko wetu peke. Tusimusumbue."

Kisha akanionyesha kundi la WhatsApp. Alifanya hivyo bila ubaya, kama mtu anayethibitisha kwamba alijitahidi. Ijumaa asubuhi alikuwa ametuma picha ya karatasi ile, amepiga kwa simu ya mkononi kandokando ya kitanda, na chini yake ameandika: Kuko mutu anaweza tusomea hii? Majibu yalikuwa mengi. Tunaomba pamoja nanyi. Mungu ni mwaminifu. Amina. Amina. Mikono iliyokunjwa kwa sala, safu kwa safu. Ningeijibu kwa sauti, kama nilivyojibu zote. Ingenichukua dakika moja.

Sijui kama angepona. Mwaka ule walikufa wengi waliofika hospitali mapema, na hilo naliweka hapa kwa sababu ni kweli, ingawa halijawahi kunipa nafuu.

Mazishi yaliruhusu watu wachache. Wengine tulikaa ndani ya magari kando ya makaburi, vioo vimepandishwa kwa sababu ya baridi, tukisikiliza mahubiri kwenye simu. Mwenyekiti alisoma tangazo la rambirambi, ambalo mwishowe alilazimika kuliandika mwenyewe. Lilikuwa zuri.

Wiki iliyofuata nilimwambia naacha ukatibu.

"Dada, hujamuua mtu," alisema, na nilijua anasema kwa huruma.

"Nataka kurudi kwenye kiti changu."

"Hicho kiti sicho changu kukupa. Hata kifungu kile tulichopitisha hakisemi mtu anarudije. Itabidi wachague."

Walichagua Desemba, kwa simu, bila kusubiri mwezi wa kwanza. Niliruhusu jina langu litajwe. Hawakunichagua. Walimchukua dereva mmoja wa lori, Mkongomani mwenzao, Kiingereza chake cha kubahatisha, lakini aliwaambia atakuwa anapokea simu hata akiwa barabarani, na akikwama atamuuliza mtoto wake. Wengi walinitumia ujumbe wa heshima baadaye. Hakuna aliyesema neno baya. Ningependa angalau mmoja aseme.

Kazini Mkenya alikuwa bado anafuatilia majina ya mawaziri. Aliniuliza kama bado nasimamia hoja yangu. Nilimwambia sijui habari za Washington, ila siku hizi nikisikia seneta fulani anatajwa, namfikiria mtu mmoja wa jimbo lake ambaye ameshika karatasi na hajui ampigie nani. Akasema pole, tukala.

Nilikutana na yule dereva kwenye maegesho ya duka la vyakula Mesquite, nimkabidhi majina. Nilikuwa nimeyaandika upya kwenye daftari: nani ana kisukari, nani barua yake ya uhamiaji bado haijajibiwa, nani hasikii sikio la kushoto. Alisoma ukurasa mmoja mmoja juu ya boneti ya gari, akisogeza kidole. Alipofika kwa jina moja akauliza huyu anaishi jengo gani, maana kwa jina hilo la kwenye hati hamkumbuki. Nilikuwa nimeandika kwa mazoea. Nikamwambia huyo ni yule mtu wa Uvira, alikwishafariki, na kwamba hapo abakize jina la mkewe. Alinipa kalamu yake nilikate jina mimi mwenyewe.