Kambare wa Dari ya Bibi Suat-Go

Mvua ya Keelung haikomi. Hupumzika kidogo, ikanywa chai, kisha ikarudi kazini. Kwa hiyo mtu wa mji huo akilalamika kwamba nyumbani kwake panavuja, wenzake humuuliza alitarajia nini. Na mtu mwenyewe akiwa Bibi Suat-Go, ndiyo basi tena, hakuna wa kumsikiliza.

Bibi huyu ana miaka sabini na mmoja. Arobaini kati ya hiyo kaimaliza sokoni, kwenye kibanda cha karibu na hekalu, akimwaga uji wa mchele ukingoni mwa sufuria kubwa mpaka ushike kama utando, halafu anaukwangua udondokee kwenye supu ya kamba wakavu. Supu tamu, hilo halina ubishi. Lakini watu hawamfuati kwa supu peke yake. Wanafuata uongo. Ndiye aliyesema mchwa wa chumbani kwake walibeba ndara yake, wakairudisha kesho yake kwa sababu ilikuwa ya mguu wa kushoto. Ndiye aliyesema marehemu mumewe alikuwa akikoroma mpaka meli bandarini zinamjibu.

Mwenye nyumba wake, Bwana Khu, alikuwa mteja wa kila Jumapili, na wa kwanza kucheka.

Basi dari ya chumba cha Bibi ilipotoa doa la kahawia, sawasawa juu ya kitanda, Bibi akafanya kosa ambalo ni yeye tu angeweza kulifanya. Badala ya kusema dari inavuja, alisema:

"Bwana Khu, kule darini kwako kuna kambare. Ana ndevu. Jana kanichungulia navua soksi."

Benchi zima likaangua kicheko. Bwana Khu akapaliwa na supu.

"Mpe salamu zangu! Mwambie kodi yake sijaiona!"

Jumapili iliyofuata kambare akaoa. Iliyofuata tena, mkewe akawa hapendi rangi ya ukuta. Huku nyuma doa lilitoka usawa wa sahani likawa sinia, likatoka sinia likawa godoro. Ukuta ukaanza kubabuka na kutoa unga mweupe, ule ambao watu wa huko huuita saratani ya ukuta. Nyuma ya kabati ukaota uyoga. Bibi alikuwa na mabeseni matatu sakafuni, kila moja na mlio wake, na bado akifika kibandani anaulizwa: "Enhe, kambare anasemaje leo?" Naye anajibu. Tuseme ukweli, nani anachukia benchi likijaa?

Mpaka Alhamisi moja. Alirudi kutoka sokoni akakuta juu ya mto wake pande la plasta, kubwa kama boga, pale pale anapoweka kichwa. Akakaa kwenye kigoda, akalitazama. Kwa mara ya kwanza maishani mwake hakuona cha kuongeza.

Jumapili akamwambia Bwana Khu bila mbwembwe: "Plasta imeanguka kitandani kwangu."

"Na kambare je?"

"Hakuna kambare. Plasta. Nzito."

"Maskini, kambare kafa! Tunazika lini?"

Walicheka kuliko siku zote. Bwana Khu akafuta machozi, akaondoka zake. Bibi akabaki anaangalia upawa. Kuhama hakukuwa rahisi. Mwenye nyumba wa mji ule akiona mvi mlangoni, ghafla chumba kimeshapata mtu jana. Na kulala chini ya dari ile kulikuwa kungoja pande la pili.

Jumatano akaenda ofisi ya wilaya, ambako wakili hutoa ushauri bure. Wakili mwenyewe msichana wa miwani, jina lake Hsin-jou.

"Kuna kambare..." Bibi akaanza, kwa mazoea.

"Bibi, kuna maji au hakuna?"

"Yapo."

"Tangu lini?"

Bibi akafikiri. Hakuna mtu aliyewahi kumuuliza tarehe.

Hsin-jou akatoa karatasi yenye vijisanduku, kila kijisanduku neno moja. "Hii ni barua ya kupitia posta. Nakala tatu. Moja ya mwenye nyumba, moja yako, moja posta wanakaa nayo. Hawezi kusema hakuipata, wala kwamba ulisema jambo jingine. Kutengeneza dari ni kazi yake kisheria. Unampa siku kumi na nne. Zikipita, una haki ya kuita fundi mwenyewe na gharama ukaikata kwenye kodi. Ila usitie chumvi."

"Mwanangu, mimi nauza supu."

"Bibi!"

"Basi kambare mmoja tu. Mdogo. Hapo kwenye pembe pana nafasi."

"Atasomwa na hakimu siku moja, huyo kambare wako."

Bibi alikuwa hajui kuandika zaidi ya jina lake. Alisema, wakili akaandika: doa, tarehe, mabeseni matatu, plasta, mto. Ilikuwa kazi ngumu kuliko kukwangua sufuria. Kila sentensi ilitaka kuota mkia, naye akaikata. Mwisho akagonga muhuri wake mwekundu wa jina, ndiyo sahihi yake, jasho likimtoka.

Jumapili Bwana Khu akaja hana kicheko, barua mkononi.

"Bibi, ndiyo nini hii? Miaka ishirini na mbili tunakula pamoja, leo unaniletea karatasi za posta? Kama pamekushinda, hama."

Bibi akaweka bakuli la supu mbele yake.

"Mkataba wangu unaisha Juni mwakani," alisema. "Kudai dari si kosa la kufukuziwa. Zimebaki siku kumi."

"Unanitania."

"Zimebaki siku kumi, Bwana Khu. Supu yako inapoa."

Watu wakamngoja atie neno. Hakutia. Bwana Khu akamtazama usoni akitafuta mzaha, asiuone, na hapo ndipo hofu ilipomshika. Akaacha supu, akaenda nyumbani kwa Bibi, akapanda ngazi. Aliporudi kibandani, begani ana unga mweupe, akasema kwa sauti ndogo:

"Mbona hukuniambia?"

Watu wote wa benchi wakatazama viatu vyao wenyewe.

Siku ya tisa mafundi walifika. Bomba la tangi la paani lilikuwa limepasuka. Walibadilisha bomba, wakabomoa dari yote, wakaweka mpya, nyeupe kama mchele. Bibi alilala kifudifudi, chali na ubavu, kila namna, kwa raha zake.

Jumapili Bwana Khu akarudi, akakaa pembeni kabisa, akala. Alipomaliza hakuweza kujizuia.

"Na kambare, Bibi?"

Bibi akaukwangua utando taratibu.

"Kahama. Anasema dari kavu haikaliki. Kaacha barua ya nakala tatu, na anwani mpya." Akamjazia bakuli. "Anwani ni ya nyumbani kwako."