Chokoleti ya mkono ilikwenda Buffalo

Admin, nifichie jina, maana ndugu wa mchumba wangu wamejaa humu. Mimi ni kijana wa miaka 31, Mtanzania wa Kigoma, naishi Louisville, Marekani, na nafanya kazi kwenye ghala la mizigo. Mchumba wangu nitamwita Neema. Ni Mkongo, ana miaka 26, anaishi na mama yake Columbus, mtaa wa Linden, na anahudumia wazee. Wazazi wameshakubaliana, harusi ni Juni.

Neema anapenda mambo ya Kijapani kupita kiasi. Anime, zile katuni zao, anaziangalia bila kusoma maandishi ya chini, lugha kajifundisha mwenyewe. Siku hizi hata ugali anasusa, anafinyanga wali na kuufunga kwa mwani. Mimi nilikuwa namtania, mtu mzima na katuni. Nisiwafiche, nilimtania sana.

Mwaka jana alinieleza kwamba kwa Wajapani, siku ya wapendanao wanawake ndio wanaotoa chokoleti. Ya dukani ni ya heshima tu, hata bosi anapewa. Ya kutengeneza kwa mikono yako ni ya yule uliyempa moyo. Mwezi mmoja baadaye, Machi 14, mwanaume naye anajibu kwa zawadi. Akanipa yangu, kaitengeneza mwenyewe. Ilikuwa chungu, nikacheka, nikampa mwenzangu wa chumba amalizie.

Mwaka huu nimepewa boksi la dukani, stika ya duka bado ipo juu yake.

Ningevumilia. Lakini kuna jamaa wa Buffalo, Mkongo mwenzake, tumwite Eddy, walijuana kwenye kikundi cha anime mtandaoni. Kaweka picha ya chokoleti za umbo la moyo, zimepindapinda, za mkono kabisa, na boksi limefungwa kwa utepe wa kitenge. Kitenge kile nakijua. Nilikiagiza mwenyewe kutoka Kigoma, Neema akakishonea gauni la siku ya kutambulishwa. Kitenge changu, jamani. Siku hiyo nilikaa kwenye gari nje ya kazi nikashindwa kuingia zamu.

Nikampigia Neema, na hakukana. "Eddy alifiwa na baba yake, donc nilimuonea huruma," akasema.

"Na mimi je?"

"Yako ya mwaka ulioisha uliichekaka. Bon, nikasema huyu hapendake ya mikono, nimununulie."

Ni kweli nilicheka. Lakini wivu hausikii maelezo. Asubuhi namwamini, mchana nachungulia ukurasa wa Eddy kama askari wa doria.

Machi 14 nikaendesha hadi Columbus. Nikakuta mzigo mdogo mlangoni, umetoka Buffalo, una jina la Neema. Sijui nini kilinipata. Niliuweka kwenye buti ya gari, ndipo nikagonga hodi. Mama yake akanikaribisha, akacheka, "Mukwe, mutoto huyu anachunguliaka boîte ya barua tangu siku ya lundi. Kumbe alikuwa anangoja weye."

Neema aliporudi kazini nikampa hereni nilizomnunulia. Akafurahi, akanikumbatia. Kisha akatoka nje kidogo, nikamwona dirishani anaangalia chini ya zulia la mlangoni.

Nyumbani Louisville nikaufungua ule mzigo. Biskuti nyeupe, na kadi iliyoandikwa kwa mkono, Kijapani ukurasa mzima. Nimejaribu kuitafsiri kwa simu, inaniletea maneno yasiyo na kichwa wala miguu. Kwa watu wote ninaowafahamu, anayeweza kunisomea ni Neema peke yake.

Jana kanipigia, sauti ya chini. "Chéri, siku ile haukukuta mzigo ku mulango?" Nikasema sikukuta. Akasema, "Sawa."

Najua wengine mtaniambia mwenye wivu ajinyonge. Semeni, lakini mniambie na la kufanya. Nimpelekee kadi aisome mbele yangu, ajue anaolewa na mwizi? Au niichome moto, nisimame kanisani Juni bila kujua imeandikwa nini?