GPU niliyosema imepikwa Iringa ilikuwa inapikwa sebuleni kwetu Mbeya

Wakuu, salamu kwenu mlioko kwenye joto, na kwetu sisi tuliovaa sweta tangu asubuhi.

Ninachoandika hapa ni kweli tupu, na kwa bahati mbaya kinanihusu mimi mwenyewe.

Mwezi wa sita niliweka uzi humu humu nikimtangaza kijana mmoja wa Iringa, muuzaji wa vifaa vya kompyuta, kwamba ni tapeli. Nikasema ameniuzia graphics card, yaani GPU, iliyoungua. Nikaweka jina la duka lake. Nikaweka na namba yake ya simu.

Wakuu, kadi ilikuwa nzima. Mjinga nilikuwa mimi.

Nivumilieni nieleze ilivyokuwa, halafu povu ruksa.

Mimi ni mtu wa ndani. Nilimaliza kidato cha nne, nikajifunza kuhariri video za harusi na sendoff, na ofisi yangu ni kona ya sebule ya mama. Jioni nacheza mchezo wa kuendesha malori. Nimeshapeleka mizigo nchi za theluji huko, nimepanga foleni kwenye mizani za Wazungu, lakini Tukuyu sijafika mwaka wa pili huu. Nauli ninayo. Shida ni kuvaa viatu.

GPU yangu ya zamani ilikuwa imechoka. Barabara za kwenye mchezo zilikuwa zinaonekana kama zimechorwa kwa mkaa. Nikamtafuta huyo kijana wa Iringa. Nitamwita Gabo, maana jina lake halisi nimeshalichafua vya kutosha.

Gabo alikuwa na kadi mbili. Moja ya feni mbili, ya wastani. Nyingine ya feni tatu, ndefu, nzito kama tofali la kuchoma.

Nikamtumia picha ya case yangu, yaani kasha la kompyuta. Akaniambia wazi: "Kaka, kwa case yako hiyo chukua ya feni mbili. Hii kubwa inakula umeme, na joto lake lazima lipate pa kutokea."

Nikachukua kubwa. Sababu yangu ya kitaalamu: tatu ni nyingi kuliko mbili.

Ikaja na basi, imefungwa vizuri kwenye boksi la tambi. Kuifunga ndani ya case, ikaanza kuinama kwa uzito. Jirani yetu Baba Oswadi, fundi seremala, akanichongea kijiti cha mbao ya paini cha kuishikilia isivunjike.

Akauliza, "Hiki kidude kinafanya nini?"

Nikamwambia, "Kinachora picha."

"Picha gani hizo mpaka mchoraji anawekewa nguzo?"

Wiki ya kwanza ilikuwa raha. Wiki ya pili balaa likaanza.

Nikicheza nusu saa, joto linapanda hadi nyuzi tisini na kitu, feni zinalia kama mashine ya kusaga, halafu skrini giza. Siku moja ilizima nikiwa katikati ya kuhariri harusi ya watu. Bi harusi amebaki na kipande cha keki mkononi, hajui amlishe nani.

Sasa angalieni akili yangu ilivyofanya kazi. Hapa ni Mbeya, mwezi wa sita. Maji ya kwenye ndoo asubuhi yanauma mpaka mifupa. Nikajiambia: kama GPU inachemka kwenye baridi hii, basi imekuja imeshaungua. Nikasahau kwamba hata uji unachemka Mbeya.

Sikukaa bure. Nilibadilisha thermal paste, ule ute wa kupitisha joto. Nikasafisha vumbi kwa brashi. Nikaongeza feni mbili mbele. Nikapunguza nguvu ya kadi kwenye settings. Nikifungua case na kuilaza ubavu nipime, nyuzi sitini na tano, safi kabisa. Nikiifunga na kuirudisha mahali pake, moto uleule.

Gabo akapiga simu. "Kaka, umeangalia juu hakuna kitu kimeziba?"

Nikamjibu, "Dogo, mimi si mtoto."

Akanitumia feni nyingine kwa basi, bure. Mimi nikaona huo ndio ushahidi. Asiye na hatia anatuma feni ya nini?

Hapo ndipo nikaweka ule uzi. Ulikwenda kurasa nyingi, mnakumbuka. Dada mmoja wa Mafinga alikuwa ameagiza kwa Gabo kompyuta za ofisi yake ya kuchapa na kutoa kopi. Akaandika humu kwamba ameshaghairi, na akanishukuru kwa kumwokoa.

Siku ile nilitembea sebuleni kifua mbele. Kutoka kona hadi kona, lakini kifua mbele.

Sasa ikafika Jumamosi moja. Mama alikuwa anategemea wageni wa jumuiya. Akafua vitambaa vyote vya sebule, akavipiga pasi, akavirudisha mahali pake. Mimi niko na headphones, natoa video ya harusi niliyomaliza kuhariri.

Mchana akapita kunyoosha nyoosha. Akashika kitambaa kimoja, akakiweka shavuni. Akanigonga bega.

"Mwanangu, hiki nimekipiga pasi asubuhi. Mbona mpaka sasa bado kina moto?"

Nikageuka.

Wakuu, mnazijua sebule zetu. TV ina kitambaa. Redio ina kitambaa. Jagi la maji lina kitambaa. Na case yangu, ambayo matundu yake ya kutolea joto yako juu, ilikuwa inavishwa hicho alichoshika mama: cha kufuma, cheupe chenye ukingo wa njano, pembe moja imeteremka mpaka kwenye feni ya nyuma. Juu yake chombo cha maua ya plastiki, kisije kikadondoka.

Mama alikifuma mwenyewe ile wiki ya kwanza, kwa kipimo kabisa, kama anamshonea mtu sare. Nilikishukuru. Nikakizoea. Baada ya hapo sikukiona tena.

Na si kwamba sikukigusa! Kila nilipofungua case nilikiondoa. Kila nilipofunga nilikirudisha. Hata ile picha mliyoniomba humu, mkasema airflow, njia ya hewa, iko vizuri, kabla ya kuipiga nilitoa kitambaa na maua ili mashine ionekane. Nikapiga. Nikavirudisha. Mkauliza kama kuna kitu kimeziba, nikajibu hakuna, na moyoni nilikuwa sidanganyi.

Nikaacha kompyuta bila kitambaa mchana wote. Nyuzi sabini na moja. Haikuzima hata mara moja.

Mama akaitazama kwa huruma. "Basi ikae uchi. Wageni wakiuliza utajieleza mwenyewe."

Nikampigia Gabo.

"Kitambaa?" akauliza.

"Cha kufuma."

"Sawa kaka. Afadhali ni kitambaa."

Nilitegemea acheke. Hakucheka. Akasema yule dada wa Mafinga alishanunua kwingine, na tangu uzi ule simu zinazoingia nyingi ni za matusi. Mwenye fremu ya duka amemwambia mwezi ukiisha bila kodi, ahame.

Nikamwomba radhi kwa maneno mazito. Akasema yameisha. Nikakata simu, nikarudi kwenye lori langu. Hiyo ni wiki mbili zilizopita.

Nilichojifunza ndicho hiki. Ukichagua GPU usihesabu feni. Angalia case yako, power supply yako, na hewa ya moto itatokea wapi. Baridi ya nje haiingii kwenye case kwa kubisha hodi. Nyumba hii baba aliijenga miaka ya sabini na madirisha madogo makusudi, joto lisitoke, na kweli halitoki. Na kabla hujamlaumu aliyekuuzia, itazame meza yako kama mgeni aliyeingia leo. Bora mgeni mwenyewe aje akutazamie.

Somo la pili, la kumsafisha uliyemchafua, ni gumu zaidi, na sijui kama nimeshalijua. Nimewaomba mods wafute namba yake kwenye uzi ule na waweke huu juu yake. Dada wa Mafinga, kama unasoma, yule kijana aliniambia ukweli tangu siku ya kwanza, na mtu anayekukataza kununua ghali si tapeli. Mliowahi kununua kwake, semeni hapa mlivyomwona. Wenye vitambaa juu ya mashine, jitokezeni pia, nisibaki peke yangu.

Maana jana nilimsimulia Baba Oswadi mkasa wote, nikitegemea tucheke wote wawili. Alisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza kama huyo kijana nimemwomba radhi. Nikamwambia ndiyo, kwa simu, tumemalizana.

Akasema: "Kumwita mwizi ulimwita watu wote wakisikia. Radhi ndiyo unamnong'oneza?"