Shukrani za Eliza Kule Tunduma

Niliondoka Dar es Salaam kwa sababu nilikuwa nimekwisha kuandika makala kwamba mwanariadha mashuhuri anapaswa kutetea haki za watu, na mhariri akaniuliza kama nimewahi kuongea na mwanariadha hata mmoja. Sikuwahi.

Kijiji cha Ruanda, Mbozi, niliingia alfajiri. Mibuni ilikuwa imechanua. Maua meupe, ukungu mweupe, sikujua kimoja kinaishia wapi. Humo akatokea Eliza akikimbia bila kishindo, kama mtu ninayemwota. Alikuwa bingwa wa mbio ndefu, akingoja kutajwa katika timu ya kwenda ng'ambo. Nyumbani, nyuma ya pazia, alikaa mdogo wake Furaha, ambaye ni albino. Mwaka ule watu kama yeye walikuwa wakiuawa kwa ajili ya viungo vyao. Shule alikuwa ameiacha.

"Kesho ukishinda mbio za Tunduma, ukipewa kipaza sauti, useme habari za Furaha," nilimshauri Eliza, nikinywa chai nyumbani kwao, kwa wakulima wa kahawa.

Baba yake akacheka. "Wewe ukisema, mwandishi, unalipwa. Huyu akisema, anaachwa kwenye timu."

"Baba, mwache mgeni anywe chai," akasema Eliza.

Tunduma, Jumapili. Mbio zilipita kando ya malori yanayongoja kuvuka kwenda Zambia. Vumbi lilielea taratibu kama moshi wa ubani. Eliza akashinda. Kocha akamnong'oneza, "Shukuru, ushuke."

"Namshukuru Mungu," akaanza, kama wote wanavyoanza. "Namshukuru kocha, na wadhamini. Namshukuru mdogo wangu Furaha, anayenifunga kamba za viatu. Leo hakuja. Akitoka nje anawindwa, na huenda wanaomwinda wamo humu, wananipigia makofi."

Makofi yakakoma. Ng'ambo ya mpaka honi moja ikalia, ndefu.

Siku ya kurudi nilipita Ruanda kuaga. Redio ilikuwa imekwisha kuitaja timu, Eliza hakuwamo. Mimi mwenye shahada mbili nikatafuta neno, nikapata "pole".

"Pole baadaye, kaka. Sogea, umeziba njia."

Nyuma yake walisimama wakimbiaji aliowashinda Tunduma, na katikati yao Furaha, kofia pana kichwani, begi la shule mgongoni. Wakaondoka kwa mwendo wa mtoto. Nikawafuata. Kwenye mwinuko wa kwanza wakaniacha, hata kwa mwendo ule, na ukungu ukawafunika mmoja mmoja hadi ikabaki kofia.

Bado naamini wanariadha wanapaswa kusema. Ila makala ile niliichana ndani ya basi, maana sikuwa nimeandika popote nani atawasindikiza wakishasema.