Sentensi Niliyomwandikia Shosho

Juzi, tukitoa vitu kwenye nyumba ya marehemu shosho, bibi yangu, kule Wamagana, nilikuta karatasi ya daftari langu la shule ndani ya Biblia yake. Harufu ya kahawa mbivu ikanirudia puani.

Alasiri moja, nikiwa mtoto wa shule, wanawake walikuwa wameketi kwenye kiwanda cha kahawa juu ya magunia, wakichambua kahawa kabla ya kupimiwa. Shosho alinisimamisha katikati yao. "Hebu wasomee Kizungu!"

Shuleni tulikuwa tumefunzwa neno dull, yaani mtu asiyechangamsha, tukaambiwa tulitumie kwenye sentensi. Nilimfikiria shosho, ambaye hakuwa na redio wala hadithi, nikaandika: My grandmother is dull. Mwalimu akaniwekea tiki kubwa nyekundu. Basi nikasoma kwa sauti, na wanawake wakapiga makofi. Karani wa mizani peke yake hakupiga. Nilidhani ananionea wivu.

"Karani, ati huyu mtoto amesema nini?" shosho aliuliza.

Karani aliniangalia. "Amesema akiwa karibu na wewe, roho yake inatulia."

Shosho alicheka mpaka akajifuta macho kwa kitambaa cha kichwa. Mimi nilifunga daftari haraka, nikiogopa kuchapwa.

Sasa, chini ya sentensi yangu, niliona mwandiko wa shosho wa penseli. Alikuwa ameyaandika maneno ya karani, kwa Kikuyu, polepole, herufi moja moja. Yalikuwa ya kweli, na mimi mwenyewe sikuwahi kumwambia hivyo hata siku moja.